Panga Boi na Suruali ya Kaki

Siri ya Bi Sindano ilikuwa na upana wa nusu inchi, na aliitunza miaka minane bila kumponyoka hata mara moja. Mtaani walimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kazini bila sindano mbili tatu alizozibana midomoni, na pengine hizo ndizo zilizomsaidia kunyamaza. Mara mbili kwa mwaka mume wake alimletea ile suruali ya kaki akilalamika kwamba upindo umefumuka au zipu inasumbua. Bi Sindano aliifumua nyuma ya kiuno, akaongeza nusu inchi, akaifunga, akaipiga pasi na kuirudisha kwenye henga bila kusema neno. Mume akavaa. Ikamwenea. Akajitazama kwenye kioo, ubavu huu na ubavu ule.

"Unaona? Suruali niliyostaafu nayo, mpaka leo inanikaa."

"Inakukaa vizuri sana," mkewe alimjibu.

Huyo mume alikuwa mwalimu wa fizikia mstaafu, na hata mkewe alimwita Mwalimu. Siku ya kustaafu alipimwa afya akapewa cheti kilichosema kilo sabini. Alikitia fremu akakitundika sebuleni, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

Bi Sindano hakuwa mwongo. Ila mwaka ule wa kwanza wa kustaafu Mwalimu alikuwa mnyonge kupita kiasi, anashinda dirishani akisikiliza kengele ya shule na kuangalia saa kama vile bado ana kipindi. Suruali ilipoanza kumbana, mkewe alimwonea huruma. Nusu inchi ya kwanza ilikuwa ya huruma kweli. Zilizofuata zilikuwa za kutojua aanzie wapi kusema.

Kilichomtoa Mwalimu dirishani ni ndege. Alitangaza kwamba ataunda ya kwake, ya watu wawili, na majirani wakasema mzee anapiga chuku. Akajiunga na klabu ya urubani iliyokuwa na kiwanja cha nyasi nje ya mji, akajifunza kurusha. Daktari wa klabu alimpima macho, masikio na mapigo ya moyo. Mizani yake siku hiyo ilikuwa mbovu. Kwa miaka sita mabawa yalikaa sebuleni, mkia ukakaa chumba cha wageni, na injini, ambayo ilitoka kwenye kigari cha zamani, ikakaa jikoni msimu mzima wa mvua. Bi Sindano alipika akiiruka.

Kazi yote ya mbao ilifanywa na kaka yake Bi Sindano, seremala aliyejulikana kwa jina la Milimita. Huyu aliwahi kurudi kwa mteja kuchukua kitanda ambacho mguu wake mmoja ulipungua milimita moja, na mteja alikuwa bado amelala juu yake. Yeye na Mwalimu walikuwa mashemeji wa kutaniana kutwa. Walibishana hata jina la kile kinachozunguka puani mwa ndege. Mwalimu alisema ni rafadha. Milimita alisema yeye huchonga panga boi, na anayetaka rafadha akachongewe na kamusi.

Siku ndege ilipopaa kwa mara ya kwanza, Mwalimu akiwa peke yake, mama yao Bi Sindano na Milimita alipiga simu.

"Nasikia hilo dude linaruka," alisema. "Mnakuja nalo lini? Macho yangu haya yananiaga. Nataka nilione likishuka, siyo nisimuliwe."

Mama aliishi nyuma ya milima. Kwa barabara ilikuwa safari ya siku moja na nusu, kwa sababu barabara iliizunguka milima yote kama inayoiogopa. Kwa hewa ilikuwa kilomita mia moja na hamsini tu, na karibu na kwake palikuwa na kiwanja cha zamani cha nyasi ambacho bado kilifyekwa. Bi Sindano alisema ndiyo papo hapo. Hakuwa amemwona mama yake karibu miaka miwili.

Tatizo lilikuwa mafuta. Huko kwa mama hapakuwa na mafuta ya kufaa injini ile, na mkaguzi wa ndege alikataza kubeba madumu ndani. Ilibidi waende na kurudi kwa tangi moja. Jioni moja Mwalimu aliwaeleza wote wawili mezani, akichora nyuma ya bahasha.

"Rafadha ni skrubu. Inajikaza hewani kama skrubu inavyojikaza kwenye ubao. Kila ikizunguka mara moja, inasonga mbele kiasi fulani. Kiasi hicho tunakiita hatua. Hii tuliyo nayo ina hatua fupi. Inapanda vizuri, lakini tukishafika juu injini inapiga kelele, inazunguka mno, na inakunywa lita ishirini kwa saa."

"Na tangi ni lita arobaini na tano," alidakia Milimita. "Kwenda na kurudi mtarudi na lita mbili."

"Si zimebaki?" aliuliza Bi Sindano.

"Mkaguzi anataka ibaki akiba ya nusu saa. Tunahitaji hatua ndefu. Injini inazunguka taratibu, ndege inakwenda mbali, tunatumia lita thelathini tu safari nzima."

Bi Sindano alifikiri kidogo. "Kumbe ni kama mshono. Mshono mrefu unaokoa uzi."

"Hasa!" alisema Milimita. "Na ubaya wa mshono mrefu ni nini?"

"Kiuno kikijaa, unafumuka," alijibu, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

Wanaume hawakugundua kitu. Milimita alikuwa ameshatoa penseli sikioni na karatasi mfukoni. Alitaka uzito wa kila kitu, maana hatua ikizidi mno kwa mzigo uliopo, injini inalemewa na ndege haipandi. Alishapima ndege tupu. Alishapima mafuta. Sasa alitaka watu.

"Abiria?"

"Sabini na nane na nusu," alisema Bi Sindano. Alikuwa amejipima asubuhi hiyo kwenye mizani ya duka la nafaka, akiwa na viatu. Wanaume wote wawili walimtazama kwa heshima mpya.

"Rubani?"

Mwalimu alinyoosha kidole ukutani, kwenye fremu.

"Hicho cheti kina miaka minane, shemeji."

"Na suruali hii ina miaka minane. Kama mwili ungebadilika, suruali ingesema." Akageuka. "Au siyo, mama watoto?"

Bi Sindano alikuwa ameshabana sindano midomoni. Alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa siyo. Alijiambia, ndege ni kitu kikubwa, itajua nini kuhusu nusu inchi? Milimita akaandika sabini.

Akachonga wiki tatu. Aligundisha mbao saba, akachora mistari, akaupunguza mti kwa randa na msasa mpaka likatokea panga boi jembamba, refu, la kung'aa kiasi cha kujiona uso. Hata Mwalimu aliliita panga boi siku ya kwanza, kwa kusahau.

Jumamosi ya majaribio mkaguzi alikuja na daftari lake, mtu mkimya wa kofia pana. Kwenye kiti cha Bi Sindano walifunga gunia la mchanga la kilo sabini na nane na nusu, ambalo Milimita alilipa jina la mke mwenza. Mwalimu akawasha injini. Ndege ikaondoka, ikakimbia, ikakimbia, ikakimbia zaidi. Ilipofika katikati ya kiwanja bado magurudumu yalikuwa chini. Karibu na mwisho ikainuka kimo cha goti, ikaelea hivyo kama inayotafuta kitu ilichoangusha, kisha Mwalimu akaikatia moto na ikaingia taratibu kwenye shamba la alizeti la jirani.

Hakuumia mtu. Mwalimu alitoka shambani kwa miguu, ua la alizeti limemnasa mgongoni, uso umeiva kwa aibu.

"Shemeji," alisema mbele ya mkaguzi, mbele ya wanaklabu wote, "umekosea. Umechonga hatua ndefu mno."

"Amekosea nani?"

"Wewe. Hesabu ni sahihi, kwa hiyo mkono ndio umekosea."

Kama angemtukania wazazi wake, ingekuwa nafuu. Milimita alichukua spana, akafungua bolti sita moja moja, akaliweka panga boi begani na kuondoka nalo kwa miguu hadi mjini. Mkaguzi alisema atarudi Jumamosi inayofuata mara moja tu; baada ya hapo mvua zingeanza na kiwanja kingekuwa tope miezi mitatu.

Wiki hiyo Bi Sindano aligeuzwa posta. Nyumba yake na karakana ya kaka yake zilitenganishwa na barabara moja, na wanaume wawili wazima walimtuma huku na huku.

"Mwambie shemeji yangu aangalie tena vipimo vyake," alisema Mwalimu.

"Mwambie shemeji yangu aangalie tena urubani wake," alisema Milimita.

Yeye aliyachuja njiani. La kwanza lilifika kama "anakusalimu," na la pili kama "na yeye pia." Lakini hata salamu hizo zilipokelewa kwa kuguna.

Siku ya Alhamisi alimpelekea kaka yake chai. Alimkuta ameketi sakafuni, panga boi limelala juu ya benchi, na vipande kumi na mbili vya ubao vilivyokatwa umbo lake vimepangwa kando. Alikuwa akilipima kwa mara ya tano. Mlango wa mteja ulikuwa umeegemezwa ukutani, haujaguswa tangu Jumamosi.

"Kila nikipima, naona liko sawa," alisema bila kumtazama. "Kwa hiyo ni macho. Au mkono. Mtu akianza kukosea bila kuona kwamba amekosea, basi amekwisha, mdogo wangu. Nimemwambia mwenye mlango atafute fundi mwingine."

"Kaka, acha maneno hayo."

"Mama alikuwa akipitisha kidole kwenye kazi zangu tangu niko mdogo. Alikuwa anajua palipokosewa kabla yangu. Ningempelekea hili, angesema nini?"

Bi Sindano alitoka pale chai ikiwa haijanywewa. Moyo ulimuuma, na aliona haya, haya ya kweli, ya kumwasha masikio. Alikuwa amemhurumia mume kwa nusu inchi, kisha nusu nyingine, mpaka zote zikamwangukia kaka yake kichwani. Usiku huo hakula vizuri, na Mwalimu, ambaye alikula vizuri sana, alimuuliza kama anaumwa.

Ijumaa mchana alipiga moyo konde. Alichukua daftari lake la vipimo, lenye ukurasa mmoja uliokunjwa kona, akamshika mumewe mkono na kumvusha barabara mpaka karakana. Milimita alipomwona shemeji yake akageukia dirisha. Mwalimu akageukia mlango.

"Geukeni wote," alisema Bi Sindano, na kwa mara ya kwanza mdomoni hamkuwa na sindano hata moja. "Nasoma. Mwaka wa kustaafu, kiuno thelathini na nne. Mwaka uliofuata, thelathini na tano. Thelathini na sita. Thelathini na saba."

"Kiuno cha nani?" aliuliza Mwalimu.

"Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Mwezi uliopita, arobaini na mbili."

"Cha nani, nakuuliza?"

"Fungua mkanda, baba watoto. Angalia nyuma kwa ndani."

Mwalimu alifungua mkanda, ambao nao mkewe aliubadilisha mara tatu akihamisha kifungo kilekile cha chuma. Akajipinda, akavuta kiuno cha suruali, akachungulia begani. Ndani, palipofichwa na mkanda na pindo la shati, palikuwa na kabari pana ya kitambaa cha maua ya bluu.

"Hili ni pazia la jikoni!"

"Akiba ya kaki iliisha mwaka wa tatu," alisema Bi Sindano kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Ulikuwa na huzuni, sikutaka uongeze nyingine. Halafu ulipoacha huzuni, nikakosa pa kuanzia. Lakini sasa kaka yangu anakaa sakafuni anaamini mkono wake umekufa, na mkono wake hauna kosa. Kosa ni langu."

Milimita alimtazama dada yake, akaitazama kabari ya maua, akamtazama shemeji yake kuanzia kifuani kushuka chini polepole, kama anayekisia gogo kabla ya kulipasua.

"Tisini," alisema. "Na zaidi."

"Haiwezekani," alisema Mwalimu, lakini alisema kinyonge.

Walikwenda duka la nafaka wote watatu. Mwenye duka aliondoa gunia la maharage kwenye mizani na Mwalimu akapanda mbele ya wateja sita. Sindano ya mizani ikapita sabini bila hata kusitasita, ikapita themanini, ikatulia tisini na nne. Mwalimu akavua viatu. Tisini na tatu na robo tatu.

"Na miwani?" aliuliza mmoja wa wateja.

Mwalimu alishuka, akavaa viatu vyake taratibu, akafunga kamba. Kisha akasimama mbele ya Milimita, na kila mtu dukani alisikia.

"Miaka thelathini nimewaambia watoto kwamba kipimo ni kupima, siyo kukisia. Nikaja kukupa namba ya ukutani. Kisha nikakuvunjia heshima mbele za watu, wewe ambaye hujawahi kukosea. Nisamehe, shemeji."

Milimita alikohoa. "Lile panga boi ni sahihi kwa mtu wa kilo sabini."

"Najua."

"Kwa hiyo kuna njia mbili. Upungue kilo ishirini na nne kabla ya kesho asubuhi..."

"Au?"

"Au tulipunguze panga boi. Tukikata ncha sentimita mbili kila upande, injini itapumua. Ndege itakula mafuta zaidi kidogo, lakini itapanda."

"Rafadha itakuwa fupi kiasi hicho?"

"Nani?"

"Panga boi," alisema Mwalimu haraka. "Panga boi litakuwa fupi kiasi hicho?"

Walifanya kazi mchana huo huo. Milimita alikata kwa msumeno wa meno madogo, akalainisha, akapaka vanishi. Kuhakikisha uzito wa pande mbili unalingana, aliazima kwa dada yake sindano ndefu ya kufumia, akaipitisha katikati na kuitegemeza juu ya glasi mbili. Panga boi likalala sawasawa, halikuinama huku wala kule. Hapo ndipo alipokunywa chai yake, ingawa ilikuwa ya jana.

Jumamosi ndege iliinuka kabla ya mwisho wa kiwanja, ikapita juu ya alizeti kwa nafasi ya kutosha, mke mwenza akiwa ametulia kwenye kiti chake. Mkaguzi alipiga hesabu mwenyewe: lita thelathini na tano kwenda na kurudi, kumi zinabaki, akiba ya nusu saa inataka tisa. "Mna lita moja ya ziada," alisema, akapiga mhuri. Kwake yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Jumatatu asubuhi, mawingu yakiwa bado mbali, Mwalimu na Bi Sindano waliivuka milima. Walimkuta mama amesimama pembeni ya kiwanja kwenye kiti cha jikoni, jirani akimshikilia, kiganja juu ya macho. Aliiona ndege ikishuka. Alisema aliyaona mabawa yote mawili, na gurudumu la nyuma, na alirudia kusema hivyo mpaka Bi Sindano akalia.

Injini ilipopoa mama aliomba apelekwe mbele. Aligusa panga boi. Alipitisha kidole kuanzia katikati, taratibu, juu ya ukingo mwembamba, mpaka nchani palipokatwa. Akarudi. Akapitisha upande wa pili.

"Kaka yako huyu," alisema.

"Ndiye, mama."

"Mwambie mkono wake bado ni uleule. Hapana pahali palipokosewa."

Wakati wa kuondoka mama aliburuza nusu gunia la viazi hadi kwenye ndege. Mwalimu alilitazama, akamtazama mkewe kwa kuomba msaada.

"Mama, hatuna nafasi hata ya kiazi kimoja," alisema Bi Sindano.

"Ndege yote hii?"

"Nafasi ipo. Mzigo wetu ni mkweo."

Mama alimsogelea Mwalimu, akakaza macho yake yaliyofifia, akamtazama mbele, akamzunguka.

"Kweli, mwanangu, umenenepa sana," alisema. "Nani anakushonea nguo siku hizi? Zinakuficha vizuri."

Walirudi na kiazi kimoja, ambacho mama alikitia mfukoni mwa Mwalimu kwa nguvu. Milimita alikuwa akiwangoja kiwanjani na kijiti chake cha kupimia tangi. Kabla hajakitumbukiza, Bi Sindano alishuka akamshika mkono.

"Mama amegusa panga boi. Kasema nikwambie mkono wako bado ni uleule. Hapana pahali palipokosewa."

Wiki nzima iliyopita aliyachuja maneno ya watu. Haya aliyafikisha kama alivyopewa. Milimita alikiweka kijiti chake chini kwenye nyasi bila kupima kitu.

"Kasema hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Hebu rudia," alisema Milimita.

Bi Sindano akarudia.